Mbwa Aliyeogopa Maji

Mital, mwanangu,

Begi lako limefungwa liko sebuleni, na mama yako amekwisha kukuambia mara tatu mahali alipoweka soksi za sufu. Mimi sitaongeza neno juu ya soksi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati unakisikia lakini hukisomi, na Kiingereza changu kinatosha kujaza fomu tu. Tena rafiki ninayetaka kukueleza habari zake, mimi naye tuliongea Kiswahili mpaka siku yake ya mwisho.

Jumapili, wajomba zako walipokuja kukuaga, mmoja alisema ukoo wetu haujawahi kushika bunduki. Akasema sisi ni watu wa ahimsa, wa kutodhuru kiumbe, na binti anayekwenda kufunzwa uaskari wa wanyamapori ameipa dini yake mgongo. Ukanigeukia mbele ya wote ukauliza, "Papa, wewe unasemaje?" Nikasema chai inapoa. Niliuona uso wako. Jibu nilikuwa nalo, Mital, ila jibu lenyewe lina mtu aliyekufa ndani yake, na nimelificha tangu ukiwa na miaka miwili.

Wakati huo tulikaa Kapsoit, nyuma ya mashine yetu ya kusaga unga, pale mashamba ya chai yanapoanza kuteremka. Ba, mama yangu, bado alikuwa na nguvu. Kila asubuhi chapati ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe wa jirani na ya mwisho ilikuwa ya mbwa, kama alivyolelewa, na kwa sababu hiyo mbwa watano wasio na mwenyewe walikuwa wameamua kwamba uani kwetu ni kwao. Uliyempenda wewe ni Moti, dume la rangi ya mchanga. Ulimvuta masikio naye akafumba macho tu.

Mashine iliendeshwa na Kibet. Alikuwa na shamba dogo la chai nyuma ya kwetu, na mkewe ni huyu unayemwita Mama Cherono. Kibet aliwasikia wateja Wahindi wakiniita Bhai, yaani ndugu, akataka kuniita hivyo hivyo, lakini B zake zilitoka kama P. Nikawa Pai. Baada ya miaka kumi, hata mtu akiita Bhai barabarani sikugeuka upesi.

Mwaka huo ukungu ulikaa. Kawaida hupanda asubuhi na kuondoka kabla ya saa nne, lakini wakati ule ulikaa siku nzima, na wachumaji ulisikia sauti zao tu, hukuwaona. Moti alipotea siku mbili akarudi na jeraha mdomoni. Jeraha likapona. Wiki kadhaa baadaye aliacha kula chapati. Alitafuna nguzo ya uzio mpaka fizi zikatoka damu. Alikula udongo. Alikuwa akisimama akiutazama ukuta mtupu, halafu ghafla anabweka, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilianza kama ya mbwa ikaishia juu, nyembamba, kama mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

Wale wanne wengine walihamia upande wa pili wa uzio. Walikaa kule wakimtazama, hawabweki.

Kilichonitisha zaidi ni bakuli la maji. Aliliendea kwa kiu, ulimi nje, akafika, akatazama ndani. Kisha akarudi nyuma polepole, manyoya yamesimama mgongoni, kama aliyemkuta mtu humo.

Kibet alikuwa amesimama mlangoni pa mashine, mwili mzima umejaa unga. Akasema, "Pai, huyu ako na kichaa. Leo asilale hai."

"Unajuaje?"

"Niliona ingine Sigor, kwa mjomba wangu. Ilikuwa inakuangalia hivi. Kama haikujui, na kama inakujua sana."

"Sisi hatuui, Kibet."

"Najua. Wewe ingia tu kwa nyumba. Mimi nitafanya, na sitakuambia."

"Hapana. Ukiua uani kwangu, ni mimi nimeua."

Hakubishana. Tukamsukuma Moti kwa ubao mpaka stoo ya magunia, tukafunga komeo.

Nilikwenda kwa Ba nikitarajia anisifu. Alikuwa mbele ya picha ya Ambama, mungu mama wetu, akipanga maua. Akaniuliza kama nimempigia daktari wa mifugo. Nikasema bado. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyenifundisha kuwaruka sisimizi njiani nisiwakanyage.

"Ndiyo, nilikufundisha," akasema kwa Kigujarati. "Sisimizi hakuwa anakuja kumuua Mital." Akanionyesha picha, ile ambayo umeiona maisha yako yote, Mama amepanda chui wake. "Mtazame usoni. Ana hasira?"

Nikatazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na upanga, mkuki, rungu, upinde, na uso wa mwanamke anayesubiri maziwa yachemke.

"Na mkono ule mmoja mtupu, unafanya nini?"

"Unabariki."

"Wakati silaha ziko kwenye mingine. Haziweki chini kwanza ndiyo abariki. Piga simu."

Nilipiga. Daktari alikuwa kazini Bomet. Akasema atafika kesho saa sita mchana. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kungoja tu, Mital. Ningengoja, na mlango ule ukabaki umefungwa, nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Alfajiri niliamshwa na ile sauti. Nilivaa viatu, nikachukua mtaimbo, nikatoka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona stoo mpaka nilipoigusa. Nilikwenda kummaliza. Nilitaka sana baadaye niweze kusema kwamba nilimhurumia, na ni kweli nilimhurumia, lakini zaidi niliogopa. Niliogopa ule mlio wa chuma kwenye mfupa. Niliogopa kuwa mtu aliyefanya jambo hilo.

Akanyamaza aliponisikia. Kwenye ufa wa mbao niliona jicho lake moja. Halikupepesa. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, na nje ya hapo dunia yote ilikuwa nyeupe.

Kisha nikavuta komeo. Nikaacha mlango upana wa kiganja, nikarudi nyumbani bila kugeuka. Nilijiambia atateremka mtoni, msituni, afe peke yake kama wanyama wanavyofanya, na hakuna mkono utakaokuwa umemuua. Nililiita jambo hilo ahimsa. Nililala kando ya mama yako na viatu miguuni, nikisikiliza, na sikusikia kitu.

Saa moja Kibet aliita. Nilipotoka, mlango wa stoo ulikuwa wazi kabisa, komeo linaning'inia, mbao imepasuka. "Amevunja," akasema. Nikatazama ile mbao nikaona ahueni imenishika mwili mzima. Nilijiambia kwamba baada ya mimi kuondoka Moti alijitupa mlangoni kwa nguvu mpaka ukavunjika, na kwamba angetoka hata bila mimi. Sikuuliza mbwa avunje vipi komeo la mlango ambao tayari uko wazi. Mtu akitaka sana kuamini, haulizi.

Kibet alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono. "Mkanda wa mashine umenikata," akasema. Akaenda kusaga.

Moti hakwenda mtoni. Alikuwa kwenye chai. Saa nne wanawake walikuwa wakichuma shamba la Mama Cherono, vikapu mgongoni, kila mmoja amezama kwenye ukungu wake, wakiitana ili wasipotezane. Wanasema kwanza waliona majani yanatikisika kwenye mstari mmoja, yakija, bila upepo. Mimi nilikuwa nimesikia kelele nikawa nakimbia kuteremka, kwa hiyo mwisho wake niliuona.

Mama Cherono alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wa tatu. Aliwaambia wenzake wasikimbie, wapande juu ya tuta taratibu. Yeye akashika jembe akabaki chini, kwenye mstari. Moti akatokea, kichwa kimeinama upande, mate yanamtoka. Akamjia moja kwa moja, wala si kwa kasi. Mama Cherono alimngoja. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alipofika karibu akampiga mara moja, na mara ya pili ili asiteseke. Kisha akavua leso yake akamfunika.

"Pole, Moti," akasema.

Nilitazama uso wake. Nilikuwa nimeuona uso huo jana yake, kwenye picha ya Ba. Kisha akataka kujifunga kitambaa kichwani. Hapo vidole vilikataa, jirani akamfungia. Tulimchoma Moti palepale pamoja na leso.

Kesho yake vijana wa sokoni walianza kuua mbwa. Mwanzo ilikuwa woga, na woga huo ulikuwa na haki yake. Lakini kufikia mchana ilikuwa imegeuka kitu kingine. Niliwasikia wakicheka. Walifika kwetu kama kumi na watano, marungu yana damu, wakitaka wale wanne.

Ba alitoka. Unamkumbuka alivyokuwa mdogo wa umbo, ungeweza kumbeba. Alisimama kwenye geti akaweka mikono miwili juu ya chuma. Kiswahili chake kilikuwa kile chake mwenyewe.

"Hii umbwa mimi nafunga kamba siku kumi," akasema. "Moja nagonjwa, mimi mwenyewe naita daktari, mimi nashika kamba. Lakini veve naingia leo, piga mimi kwanza. Mimi iko hapa."

Mmoja akatupa jiwe. Lilimpiga begani. Nilisikia lile pigo kutoka nilipokuwa. Hakulishika bega, hakurudi nyuma, na hakumtazama aliyetupa kwa ubaya. Akasema tena, sauti ile ile, "Mimi iko hapa."

Ndipo Mama Cherono akaja kutoka shambani, tumbo mbele, na jembe begani, lile lile. Akapita katikati yao akasimama kando ya Ba. "Aliyekuwa mgonjwa nimeua mimi," akawaambia. "Hawa hamjawaona wakiugua. Nendeni nyumbani." Wakaondoka, polepole kwanza, wa nyuma wakianza.

Utauliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa dirishani, nimeshika pazia.

Ba aliwafunga wale wanne, kila mmoja na kamba yake, akawasukumia chakula kwa fimbo. Siku ya sita mmoja wao akaanza kuutazama ukuta. Ba hakungoja asubuhi ya pili. Aliita daktari, akashika kamba kwa mikono yake mwenyewe huku akimsemesha yule mbwa kwa sauti ya chini mpaka sindano ilipomaliza kazi. Watatu waliishi miaka.

Sasa nafika kwa Kibet.

Ilikuwa wiki ya tano. Alisema mkono unamwasha pale palipokatwa na mkanda, na unga unamkaba koo. Siku iliyofuata hakuja. Nilimkuta nyumbani kwake ameketi pembeni kabisa mwa chumba, amejifunika blanketi. Mkewe alikuwa amempa kikombe cha chai. Alikuwa anakitazama. Alikinyanyua kuelekea mdomoni, kidevu kikaanza kucheza, shingo ikakaza kama kamba, akakitupa ukutani. Mtu aliyekunywa chai maisha yake yote, na nje ya dirisha lake hakuna kitu ila chai.

Nikajua. Nilikuwa nimeyaona macho yale kwenye ufa wa mbao.

Hospitalini walikuwa wema, lakini ikishafika hapo hakuna dawa. Mlango wa wadi ukifunguliwa, upepo ukimgusa uso, mwili wote uliruka. Katikati ya mishtuko alikuwa yeye mwenyewe kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliuliza nani anasaga. Aliuliza kama nimepaka mashine mafuta. Mara moja alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Pai, funga mlango." Mlango ulikuwa umefungwa. Nilimwambia umefungwa. Akatikisa kichwa, akafumba macho.

Tulimzika kwenye shamba lake, mchungaji wake akiomba na mvua ya mawe ikianguka juu ya mabati. Watu walisema mkanda wa mashine haukumkata, ni mbwa alimng'ata, na kwa nini hakusema, achomwe sindano? Nami nikauliza pamoja nao, kwa sauti, kwa nini hakusema.

Kwa miezi mingi baada ya hapo niliamka alfajiri nikajikuta nimesimama nje, miguu mitupu, ukungu hadi kiunoni, mkono wangu umeshika komeo la stoo. Sikujua limefungwa au nimelifungua sasa hivi. Mama yako alinifuata mara mbili na koti. Hakuniuliza. Ndiyo sababu ya kuhamia mjini, wala si shule yako kama tulivyokuambia.

Hapa kati maisha yameendelea. Umekua, Ba ametuacha, na mimi nimekuwa mtu anayeheshimiwa hekaluni, anayeombwa kuzungumza na vijana juu ya upole. Nimezungumza mara nyingi. Nilikuwa nikiona midomo yangu inasema maneno mazuri na nikitamani mmoja wa vijana wale anyanyue mkono aniulize kuhusu mbwa.

Kisha Jumapili uliniuliza wewe. Jana nikaendesha gari peke yangu mpaka Kapsoit.

Mama Cherono alikuwa akichuma. Hakusimama, alinisalimia akaendelea, vidole vinakimbia juu ya majani, nami nikitembea kwenye mstari wa pili kama mtoto. Nikamwambia. Nilisema, "Mama Cherono, mlango wa stoo haukuvunjwa na Moti. Niliufungua mimi." Nikasema yote, viatu na mtaimbo na jicho.

Alimaliza mstari kwanza. Kisha akatua kikapu.

"Kibet alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Asubuhi ile alikuta komeo limevutwa, si kuvunjwa. Akajua ni wewe. Akachukua nyundo ya mashine akalivunja yeye, ndiyo watu wasikuulize. Halafu akaenda kumtafuta mbwa na kamba amrudishe kabla hamjaamka. Hapo ndipo alimng'ata. Akaosha na sabuni na mafuta ya taa, akafikiri imetosha. Angesema ameng'atwa, wangeuliza mbwa alitokaje."

"Alikuambia lini?"

"Hospitali. Akaniambia nisikuambie. Akasema Pai ni mtu mzuri, aliogopa tu."

Nilikaa chini kwenye matope kati ya michai. Yeye alibaki amesimama. Baadaye kidogo nikamuuliza kama naye ameamini miaka yote hii kwamba mimi ni mtu mzuri. Akafikiri. Ni mtu asiyesema jambo la kukufurahisha.

"Nilikuwa nangoja uje," akasema. "Miaka mingine nilingoja na hasira. Miaka mingine nilikuwa na kazi."

Mital, wajomba zako wanaogopa bunduki mkononi mwako. Mimi siiogopi sana. Najua jinsi ulivyo. Najua ulilia kwa ajili ya kondoo wa jirani na bado ukamshika alipokuwa akishonwa jeraha. Itafika siku utakapotakiwa kuzuia mtu au mnyama asiue, na huenda maneno hayatatosha. Ukipiga siku hiyo, piga kama Mama Cherono, bila kicheko na bila chuki, kisha umfunike. Na siku utakapoona hapastahili kupiga, hata wakubwa wako wakipiga kelele, simama mbele kwa mwili wako kama Ba, uwaambie uko hapo. Hao wawili walisimama kwenye geti moja, na hakuna aliyeona mwenzake amekosea dini.

Ninachokiogopa ni njia ya tatu, ile yangu. Kuliacha jambo litendeke bila wewe kuwepo, kisha kurudi kitandani ukajiita mpole. Njia hiyo haina kelele. Inafanana sana na wema. Ndani yake niliishi miaka mingi, na nakuambia ina baridi.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu, na wajomba zako nitawapa wenyewe kwa mdomo wangu wiki hii, wote wakiwa mezani. Kesho ukiinama kunigusa miguu, nitakubariki na hutaona mkono wangu ukisita.

Kuna jambo moja bado. Nilipoinuka kuondoka, Mama Cherono alinirudisha. Akasema yeye amesikia, lakini yule aliyekua bila baba ni Cherono, mwanawe wa kwanza, na Cherono hajui. Anafikiri baba yake alikuwa mjinga aliyeogopa sindano. Anafundisha Mogogosiek sasa, karibu na kiwanda. "Mimi sitamwambia kwa niaba yako," akasema.

Nimewaza nikuombe ukae siku moja zaidi ili tuende pamoja. Sitakuomba. Utakapopiga simu Jumamosi kusema umefika salama, zungumza na mama yako, kwa maana mimi sitakuwepo. Nitakuwa Mogogosiek. Nimempigia Cherono simu jioni hii, nikamwambia nina habari za baba yake, na akasema nije saa tatu, atakuwa amepika chai.

Papa